Gereji ya Bi Jii

Kuna harufu moja ambayo nikiipata, hata nikiwa na haraka ya namna gani, miguu yangu husimama yenyewe. Ni harufu ya mafuta machafu ya gari yaliyomwagika zamani juu ya saruji, yakachanganyika na unyevu. Juzi niliipata nilipopeleka gari langu kwa fundi aliye chini ya daraja la reli. Yeye ananieleza habari za breki, mimi naitikia "ndiyo, ndiyo", na kwa kweli simsikii hata kidogo. Nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa na miaka minane tena, nimelala juu ya godoro huko Southall, nasikiliza mvua juu ya paa, na mama yangu anapiga chafya upande wa pili wa pazia. Bi Jii, aliyekuwa mwenye nyumba wetu, tumemuaga mwezi uliopita, labda ndiyo maana harufu ile safari hii ilinishika zaidi.

Sisi tuliishi gerejini. Nalisema leo bila ya kutafuna maneno, kwa sababu tuliolelewa Landani na wazazi waliokuja na begi moja moja tumefika umri wa kutoficha tena. Na neno lenyewe nimelichunguza kama wazee wanavyochunguza nasaba ya mchumba. Mimi kazi yangu ni ukalimani, mahospitalini na maofisini, na mtu wa kazi hiyo hawezi kuliona neno likapita njiani asiliulize linatoka wapi. Aliyenipa nasaba ya hili ni mwenzangu mmoja wa kazini, Mkongomani wa Bukavu, siku tuliyokuwa tumekaa kwenye viti vya kliniki tunangojea wagonjwa wetu waitwe.

"Dada, ile neno si ya Waingereza hata kidogo," aliniambia, na alifurahi kweli kunitoa ujinga. "Ni ya Wafaransa. *Garer*. Ni kuweka kitu fasi ya salama. Mama yangu akikasirika alikuwa ananiambia *gare à toi*, ndiyo kusema, ujichunge!"

Nilipofika nyumbani nilifungua makamusi yangu, na nikakuta kwamba mwenzangu hakukosea. Wafaransa walilitumia kwanza kwa vyombo vya mitoni: mashua inavutwa pembeni, nje ya mkondo, ili nyingine zipite. Halafu likapanda reli, likawa njia ya pembeni ambako mabehewa huwekwa. Magari yalipokuja likahamia kwenye magari, na Waingereza wakalichukua pamoja na magari yenyewe. Lakini ukifukua chini kabisa, kabla ya magari na kabla ya mashua, mzizi wake ni kulinda, kuwa macho juu ya kitu ili kisidhurike. Sisi tuliolipata kwa Waingereza tukalipaka grisi. Kwetu gereji si pahala pa kuhifadhi, ni pahala pa kutengeneza, na gari zima halina haja nayo. Siku hizi hapa Landani gereji inauza petroli na maua na maziwa, na nilipokuwa skuli wavulana wa madarasa ya juu walikuwa na muziki wao walioupa jina hilo hilo. Kila mtu amelipokea na kulitia chumvi yake.

Chumvi yangu mimi ilitoka Wete. Baba yangu alikuwa na gereji pale: mabati machache, shimo la kuingilia chini ya gari, na yeye mwenyewe, mwembamba, anatoka shimoni uso umejaa masizi, meno meupe, anacheka. Kazi yangu ilikuwa kumpa spana. Nilizijua kwa namba kabla sijajua kusoma. Baadaye mambo ya siasa yakamfika shingoni, akaondoka, na sisi tukamfuata baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama maisha. Tulipomkuta uwanja wa ndege hapa, mikono yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwangalia kucha nikadhani wametupa baba mwengine.

Tukazunguka, chumba cha huyu, sebule ya yule, mpaka jioni moja baba akaja anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Nimepata pahala," alimwambia mama. "Petu wenyewe, hatuchangii na mtu. Ni gereji, lakini nitaitengeneza."

Mama akaendelea kukunja nguo. Mimi niliruka. Baba amepata gereji! Nilijua tu kwamba haiwezekani mtu kama yeye akae bila ya gereji, na usiku ule nililala nikiota namba za spana.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye njia ya nyumba zinazofanana, ndege zinapita juu yake chini chini hata unaona magurudumu. Mlango ulifunguliwa na bibi wa Kipunjabi, mfupi, mwenye shali ya pamba na miwani iliyofungwa uzi. Mama akajiandaa kutikisa kichwa tu, maana Kiingereza alikuwa hana. Yule bibi akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Jambo! Karibu, karibu. Hii toto iko njaa?"

Begi lilimponyoka mama mkononi. Bibi yule alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, na akaja Landani na mumewe akiwa mama wa mtoto mmoja. Watu wa nyumba yake walimwita Biji, ndivyo Wapunjabi wanavyomwita mama mkubwa wa nyumba, lakini mama yangu aliposikia akaona ni heshima ya kwetu, akamwita Bi Jii, na Bi Jii akawa mpaka siku ya kufa kwake. Kiswahili chake kilimtia mama kizunguzungu. "Anakivunja vunja kama kuni," mama alikuwa anasema faraghani. Naye Bi Jii alikuwa anamwambia mama, "Wewe nasema Swahili ya msikiti, mimi hapana fahamu yote." Lakini walikuwa wanazungumza kutwa. Katika mji wote ule mkubwa, mama yangu alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia kwamba kichwa kinamuuma, na mtu huyo alikuwa Singasinga wa Kisumu.

Gereji ilikuwa nyuma, mwisho wa bustani. Nilikimbia mbele ya wote. Niliingia nikatafuta gari, sikuliona. Kulikuwa na doa kubwa jeusi chini lililoachwa na gari la marehemu mume wa Bi Jii, na ile harufu.

"Gari liko wapi?" nilimuuliza baba.

"Magari ndiyo sisi," alisema, akanitekenya.

Yeye alikuwa anatania. Mimi nililiweka moyoni kama aya. Kwa miezi mingi niliamini kwamba tumeletwa pale kutengenezwa, na sikuona ajabu yoyote, maana dalili zote zilikuwepo. Baba alikuwa amekonda na ameacha kucheka. Mama alikuwa analia akimenya vitunguu, na hata siku zisizokuwa na vitunguu. Mimi nilikuwa nakohoa. Tulikuwa magari matatu mabovu, na Bi Jii, anayekuja kila asubuhi na bakuli la kitu cha moto na chupa ya mafuta ya haradali ya kunichulia kifua, ndiye fundi. Skuli niliposema kwamba baba yangu ana gereji, wenzangu walinitazama kwa heshima mpya, kwa sababu mtaa ule mwenye gereji ni mwenye nyumba nzima na bustani. Wakaniuliza mna magari mangapi. Nikasema matatu.

Baba aliipamba gereji ile mpaka ikapambika. Alipata kazi ya kuosha mabasi, nako kunaitwa gereji vile vile, kwa hiyo kila siku alikuwa anatoka gereji kwenda gereji, na akirudi anabeba kitu mkononi: ubao, kipande cha zulia, kopo la rangi lililobaki robo. Kuta akazipaka kijani cha ndimu. Akapiga rafu toka chini mpaka juu, akachonga mlango mdogo ndani ya ule mlango mkubwa wa bati, wenye kitasa cha shaba alichokiokota na kukisugua mpaka kikang'aa. Mikono yake ilianza kuchafuka tena. Alikuwa akimaliza kitu anarudi nyuma hatua mbili, anakitazama, anampigia mama makofi ya vidole aje aone. Nilikuwa nampenda baba yangu kwa namna iliyoniuma kifua, na sijui mpaka leo ni mapenzi au ni kile kikohozi.

Jambo moja tu hakuliweza. Kwenye pembe ya juu ya kitanda changu palikuwa na ukungu mweusi. Akiupaka rangi, baada ya wiki mbili unarudi, mkubwa zaidi. Akausugua, akauchoma kwa dawa, ukarudi. Mwisho akatundika kalenda juu yake.

Tulikuwa na sharti moja. Mtu asijue kwamba tunalala mule. Mwenye kupangisha hasa alikuwa mtoto wa Bi Jii, Gurdip, aliyekuwa anakaa na mama yake pamoja na mkewe, na gereji haikuwa na ruhusa ya kukaliwa na watu. Ikijulikana, baba alituambia, Bi Jii atapata matatizo makubwa na sisi tutatolewa, na serikali itatupeleka mji wa mbali ambako hatumjui mtu. Gurdip hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli, na alikuwa akiniona ananipa peremende. Lakini jioni moja nilimsikia anagombana na mama yake jikoni kwao, dirisha liko wazi. Kipunjabi sikukijua. Katika maneno yote yale nililidaka moja tu, linaruka huku na huku baina yao: gereji, gereji, gereji. Bi Jii ndiye aliyekuwa anapiga kelele zaidi. Nilirudi kitandani mwangu nikijua kwamba Bi Jii ametuchoka na anataka tuondoke.

Tangu siku ile nikawa naficha kikohozi. Nilikuwa nakohoa ndani ya mto.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa likizo fupi ya skuli, baba yuko kazini, mimi na mama tunachambua mchele. Mlango ukagongwa. Si Bi Jii, yeye hagongi, huita tu toka bustanini. Mama akaniwekea kidole mdomoni.

Lazima nieleze namna tulivyolelewa, la sivyo hutafahamu tulivyoponzwa. Kwetu hodi ni tatu. Mgeni anapiga ya kwanza, anangoja. Anapiga ya pili, anangoja. Anapiga ya tatu, na asipojibiwa anakwenda zake, hana kinyongo, maana mwenye nyumba ana sitara yake na hakulazimika kuivunja. Mama alinifunza hivyo, na yeye alifunzwa hivyo na mama yake, na haikupata kutupitia akilini kwamba yupo mtu duniani asiyeijua hesabu hiyo. Mlango ukagongwa mara ya pili. Punje za mchele zilikuwa zimenata kwenye viganja vyangu. Ukagongwa mara ya tatu. Kikohozi kilikuwa kimenijaa, nikakimeza, macho yakanitoka machozi. Tukangoja kidogo. Kimya.

"Keshakwenda," mama alisema, tena kwa sauti yake ya kawaida, akashusha pumzi. "Mtu mwenye adabu zake hapigi ya nne. Hebu fungua mlango upate hewa, mwanangu, usije ukanifia."

Nikafungua. Mzungu mmoja alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja kutoka usoni kwangu, anaandika kwenye karatasi iliyobanwa juu ya ubao.

Nilikohoa palepale, kikohozi chote nilichokuwa nimekificha, mbele ya tai yake. Mama alikuja nyuma yangu. Nilidhani atanivuta ndani na kufunga, lakini mama yangu alikuwa na mambo mawili tu aliyoyajua kuhusu mlango, na la kwanza lilikuwa limeshashindwa. Akajitanda kanga yake vizuri, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu, baba, karibu ndani."

Yule bwana alivitazama viatu vyetu vilivyopangwa mlangoni, akavua vyake. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Mama akamkalisha penye kiti cha baba, akampa chai ya iliki na kaimati zilizobaki, naye akala tatu. Halafu akasema ametumwa na baraza la mtaa, akaanza kuuliza, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Ndiyo kazi yangu ya kwanza, na niliifanya vibaya kuliko zote zilizofuata.

"Mwambie tumekuja kumwamkia Bi Jii," mama alisema. "Jioni tunaondoka."

Nikamwambia hivyo. Yeye akaangalia vitanda, akaangalia sare yangu ya skuli iliyotundikwa, akasimama akainua ile kalenda kwa kalamu yake. Akaitazama pembe kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi mwenyewe, kwa upole, nimeanza kukohoa tangu lini. Lilikuwa swali langu, si la mama, na nilitaka kuonyesha kwamba Kiingereza changu kimenyooka.

"Tangu tulipohamia hapa," nikasema.

Kalamu ikaandika. Niliinua macho nikamwona Bi Jii amesimama mlangoni, shali yake imeteremka begani. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikaona kwamba amekasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshamtia matatani.

Barua ilikuja kabla ya wiki kwisha. Gereji ifungwe, watu watoke. Baba aliisoma amesimama. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alinipakata akasema, "Hukukosa kitu, mwanangu. Mlango ni wa kufunguliwa." Halafu akachukua bisibisi, akaanza kuzifungua rafu zake, moja moja, anazipanga chini, anaziweka skrubu ndani ya kikombe. Alipofika kwenye kitasa cha shaba alikishika tu, akakiwacha. Nilimsikia anamwambia mama, "Nilikuwa nimeshapafanya pahala pa watu." Sauti yake sijaisahau. Nilijua ni mimi niliyemfanya aseme vile, na nililibeba jambo hilo miaka thelathini.

Hatukupelekwa mji wa mbali. Bi Jii alituingiza kwenye chumba chake cha mbele, kile cha wageni, chenye makochi yaliyovishwa plastiki na picha ya mumewe yenye shada la maua, na akamwambia mtoto wake jambo kwa Kipunjabi ambalo halikuhitaji mkalimani. Wiki nyingi Gurdip alikuwa hasemi na mama yake. Alikuwa anapita ukumbini kama mpangaji. Na hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya dhambi zangu: nimewagombanisha mama na mwanawe. Kisha tukapewa nyumba ya baraza la mtaa, tunaloliita kanso, vyumba viwili vikavu, karibu na stesheni ya Rayners Lane, na kikohozi kikaniacha kimya kimya bila ya mimi kugundua siku yenyewe.

Mama aliendelea kumtembelea Bi Jii mpaka mama mwenyewe alipofariki, na katika matanga yake Bi Jii alikuja na nguo nyeupe, akakaa chini na wanawake wetu kutwa nzima, anavuta tasbihi aliyopewa bila ya kujua inahesabiwaje. Baba peke yake ndiye hakwenda tena Southall. Alikuwa anatuma salamu na ndizi mbivu. Ukimuuliza, magoti. Baba yangu ana magoti mazuri kuliko yangu, lakini ukimtajia Bi Jii tu yanaanza kuuma.

Mwaka huu, siku za baridi zikimalizika, mjukuu wa Bi Jii alinipigia simu. Bibi alipata maradhi ya kichwa, Kiingereza chake kidogo kimeondoka chote, na Kipunjabi kinakuja na kupotea. "But she keeps talking," binti aliniambia. "Dad says it's Swahili, and he's forgotten all of his. Auntie, please, can you come?"

Nilikwenda mchana ule ule. Alikuwa kitandani, kwenye chumba kile kile cha mbele, amekuwa mdogo kama mtoto. Gurdip, kichwa cheupe sasa, alinipokea koti langu akaenda kupika chai. Mjukuu akakaa upande wa pili wa kitanda, macho kwetu.

"Shikamoo, Bi Jii."

Alinitafuta usoni. "Wewe toto ya gereji."

"Ndiyo mimi."

"Kifua iko mzuri?"

"Kizuri, Bi Jii. Kizima kabisa." Na kwa kuwa niliona muda hauko, nikalitoa nililokuwa nalo. "Bi Jii, nataka unisamehe. Siku ile alipokuja yule mzungu, mimi ndiye niliyemwambia nimeanza kukohoa tulipohamia kwako. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Mimi ndiye niliyekuponza."

Alifumba macho hata nikadhani amelala. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka.

"Wewe naponza nini? Ile mzungu mimi naita."

Nikadhani ni maradhi yanayosema. Lakini macho yake yalikuwa yamekaa sawa sawa juu yangu.

"Mimi napanda basi, nakwenda ofisi ya kanso, peke yangu. Naonyesha barua iko na anwani. Kingereza yangu hapana mzuri. Nasema *garage*. Nasema *child*. Yule msichana hapana fahamu. Sasa mimi nakohoa mbele yake, hivi, kama wewe." Akakohoa, kikohozi changu hasa, akakipatia mpaka ile pumzi ya mwisho. "Sasa yeye nafahamu. Halafu mzungu nakuja, nagonga, nyinyi nanyamaza kama panya! Mimi iko dirishani, roho naruka. Mimi nasema, fungua, toto, fungua."

Nililia. Sina namna nyengine ya kulisema. Nilishika mkono wake nikalia kama mtu aliyeteremshwa mzigo ambao ameubeba mpaka amesahau kwamba ni mzigo. Nilipopata sauti nikamuuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizo.

"Nasema na nani? Gurdip mtoto yangu. Mimi naomba yeye, leta hii watu ndani, yeye nasema kesho, kesho. Na baba yako..." Akapumzika. "Baba yako naweka rangi, naweka mbao, nafanya mzuri kama nyumba ya bibi harusi. Mimi nasema kwa yeye, hii nyumba yako naua toto? Hapana. Ile maneno hapana sema kwa mwanaume iko na heshima."

"What's she saying?" mjukuu aliniuliza, ananishika mkono. "Please, what is she saying?"

Sisi wakalimani tunafunzwa kwamba usiongeze neno, usipunguze neno. Nimeishi kwa sharti hilo miaka yote ya kazi yangu. Nikasikia vikombe vinalia ukumbini, Gurdip analeta chai, na nikamwambia binti yule kwamba bibi yake anauliza habari za kifua changu, kwa sababu nilikuwa mgonjwa nilipokuwa mdogo. Naye akafurahi, akaandika maneno mawili matatu kwenye simu yake apate kuyajifunza.

Baba anakaa na mimi siku hizi. Niliporudi nilimkuta penye dirisha linaloangalia stesheni, anatengeneza kibaniko cha mkate ambacho hakikuwa kibovu. Aliniacha nivue viatu, nimimine maji ninywe.

"Kasemaje Bi Jii?"

"Kasema nikusalimie."

"Salamu zimefika." Akazungusha skrubu. "Kumbukumbu anazo?"

"Anazo zote."

Akaweka bisibisi chini. "Mimi yule bibi namwonea haya, mwanangu. Si magoti. Alitupa pahala pake, sisi tukamletea serikali mlangoni, tukamgombanisha na mwanawe. Uso wa kumtazama nao sina. Na sasa atakwenda hivi hivi, sijamwomba radhi."

Nilisimama na gilasi mkononi. Kumbe naye alikuwa na mzigo wake, na miaka yote ile kila mmoja alikuwa anauficha wake asimwonyeshe mwenzake. Na mimi ndiye pekee niliyekuwa na la kumtua. Nikimwambia alivyosema Bi Jii, haya itamwondoka, lakini nitakuwa nimemwambia pia kwa nini aliitwa yule mzungu, na kwamba nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilikuwa inanimaliza.

"Hana kinyongo, baba," nikasema. "Kaniambia kwa mdomo wake, hatukumponza. Kasema alitupenda."

Neno hilo la mwisho Bi Jii hakulitamka. Lakini nimefasiri maneno ya watu maisha yangu yote, na sidhani kama nimewahi kufasiri sawa sawa kuliko pale.

Baba aligeuza uso dirishani. Treni ilipita, ikasimama stesheni, ikaondoka, naye bado anaangalia nje. Nilikwenda jikoni kumwachia nafasi yake. Aliponiita sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeagiza kitu dukani.

"Basi kesho nipeleke."

Nilimwambia kwamba kwa Bi Jii wageni huingia baada ya saa sita mchana, alale apumzike, hakuna haraka. Kesho yake saa moja asubuhi nilipoteremka ngazi na nguo zangu za kulalia, nilimkuta ameshanyoa ndevu, amevaa kanzu na koti lake la Idi, amekaa kwenye kiti cha ukumbini na chane ya ndizi mapajani, ananingoja.